Maswali Yenu: Shimo Linalorudi Kila Masika na Daladala Linalogeuzia Njiani

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Dar es Salaam, na karibu zote zimeandikwa kwa hasira. Tumechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na jirani wa mwandishi. Majina ya wakandarasi, magari na maofisa tumeyaondoa. Anayetaka kuyapeleka mbele, mwishoni mwa jibu la pili tumeeleza namna ya kuyapeleka.

Ndugu mhariri, mbele ya duka langu huku Kitunda kuna shimo kwenye lami. Limezibwa mara tatu ndani ya miaka miwili na kila masika linarudi, tena kubwa zaidi. Je, hii ni lami mbovu au ni wizi? (Mwenye duka, Kitunda)

Inawezekana si lami wala si wizi, ni maji. Barabara nyingi za mitaani zimewekwa lami nyepesi: lami ya moto inanyunyizwa, kokoto zinamwagwa juu, zinashindiliwa, kisha inarudiwa mara ya pili kwa kokoto ndogo zaidi. Unene wote hauzidi sentimita 2 au 3. Ngozi hiyo haibebi gari. Kazi yake ni kama ya mwavuli, kuzuia maji yasifike kwenye tabaka la kokoto na moramu (changarawe yenye udongo kidogo unaonata) lililo chini, na tabaka hilo ndilo linalobeba. Mwavuli ukitoboka, maji yanaingia, na kila tairi linalopita linayakamua. Simama hapo dukani siku ya mvua uangalie nyufa zilizozunguka shimo. Ukiona gari linapita na ufa unatema uji mwekundu, ujue unga unaoshikanisha kokoto za chini ndio unaotoka. Siku chache baadaye ngozi inakaa juu ya utupu, na shimo la pili limezaliwa nusu mita kutoka la kwanza.

Sasa angalia wanavyoziba. Kuziba kwa haraka ni kumwaga mchanganyiko ndani ya shimo jinsi lilivyo, kuupigapiga kwa sepetu na kuliachia lori lishindilie. Kiraka cha namna hiyo kina kingo nyembamba zilizolala kama chapati juu ya lami ya zamani, na tairi linazinyanyua. Kuziba kunakodumu kunakwenda hivi. Fundi anachora mstatili kuzunguka shimo, akitoka sentimita 10 hadi 15 nje ya ufa wa mwisho unaoonekana. Anakata kwa msumeno wa lami au kwa tindo mpaka kingo zisimame wima. Anachimba chini mpaka akute tabaka gumu na kavu, hata kama ni sentimita 30. Anarudisha kokoto au moramu ileile ya msingi kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15 na kushindilia kila moja kwa mashine. Anafagia vumbi, anapaka lami ya maji chini na kwenye kingo, ndipo anajaza mchanganyiko wa lami kwa vipande vya sentimita 5. Ukimaliza kushindiliwa, ubaki umenyanyuka kama milimita 5 juu ya barabara, maana magari yatauzamisha. Mwisho kingo zinazibwa kwa lami na mchanga.

Kwa hiyo wakija mara ya nne, huhitaji kuwa mhandisi. Angalia mambo matatu: je, wamekata kingo zikasimama wima, je, chini ni pakavu, na je, kuna mashine ya kushindilia au ni sepetu tu? Piga picha kabla hawajajaza. Picha ya shimo lenye maji likimwagiwa lami ni ushahidi usiohitaji maelezo.

Kabla ya hayo yote, chunguza shimo hilo mwezi wa nane. Kama lina unyevu wakati mtaa mzima ni vumbi, chini yake kuna bomba linalovuja, na hakuna kiraka kitakachodumu mpaka bomba lizibwe. Aidha, kama barabara ilikatwa kupitisha bomba, mara nyingi mfereji hufukiwa kwa udongo uleule, wote kwa mkupuo mmoja, bila kushindiliwa. Udongo huo utashuka tu. Anayekata barabara anatakiwa awe na kibali cha mwenye barabara na airudishe ilivyokuwa, na kibali hicho una haki ya kukiulizia.

Tumeandika barua nne kuhusu barabara yetu. Ofisi moja inasema siyo ya kwao, nyingine inasema bajeti imeisha. Tufanye nini? (Wakazi, Msongola)

Jueni kwanza barabara ni ya nani. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara. Barabara za mkusanyo, za mlisho na za jamii, yaani zilizobaki karibu zote mnazozijua mitaani na vijijini, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Njia ya haraka ya kujua: nendeni kwa mtendaji wa kata mkiwa na jina la barabara, inapoanzia na inapoishia. Ofisi ya TARURA ya wilaya ina orodha ya barabara zake, kila moja na urefu wake. Kama yenu haimo kwenye orodha hiyo, mmekuwa mkiomba matengenezo ya barabara ambayo kwenye vitabu haipo, na ombi lenu la kwanza linatakiwa kuwa iingizwe.

Suala la bajeti lina ukweli ndani yake, lakini kalenda ndiyo inayowaumiza. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Barua ya mwezi wa nne, wakati matope yamefika magotini, inakuta fedha zimeshagawiwa na mpango wa mwaka ujao umeshaandikwa. Pelekeni mwezi wa kumi, wakati hakuna anayeikumbuka. Na mwambieni diwani wenu aisemee barabara hiyo kwenye vikao vya kata na halmashauri, huko ndiko inakopata mtetezi. Fedha nyingi za matengenezo zinatoka Mfuko wa Barabara, unaojazwa hasa na tozo ya mafuta. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo hata dereva wa bodaboda wa Msongola anapojaza mafuta ameshachangia.

Kuhusu barua yenyewe: "barabara yetu ni mbovu sana, tunateseka" haina cha kufanyiwa kazi. Ofisa anayeisoma hawezi kuigeuza kuwa hesabu. Andikeni mita. Kwa mfano: "Kutoka shule ya msingi hadi kwenye mti wa mwembe mkubwa, mita 340, hakuna mfereji upande wa kushoto. Kalvati lililo mita 120 kutoka shuleni limeziba na maji yanapita juu. Gari la wagonjwa halikupita kwa siku 6 mwezi wa nne." Ambatisheni picha tatu au nne zenye kitu cha kupimia ndani yake, hata ndoo ya lita 20 iliyosimamishwa shimoni. Muhuri wa serikali ya mtaa, nakala kwa diwani, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, barua nne zenu ni kama hazikuandikwa. Kwa kero za daladala utaratibu ni huohuo, ila barua inakwenda LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na vinavyotakiwa tumevitaja chini kidogo.

Shikamooni wakubwa. Mtaa wetu wa Goba uko kilimani. Tumechanga fedha, na kuna mtu anatupa kifusi bure cha nyumba iliyobomolewa. Tukimwage? (Katibu wa kamati ya barabara, Goba)

Marahaba, na hongereni kwa kuchanga. Kifusi msikimwage. Matofali ya saruji yanasagika na kuwa unga, vigae vinachana matairi, nondo zinabaki humo, na mvua ya kwanza itapeleka vyote kwenye mfereji wa jirani wa bondeni. Mchanga mtupu nao haufai kwa sababu hauna kinachoushikanisha. Kinachotakiwa ni moramu: mchanganyiko wa changarawe na udongo kidogo unaonata. Kuipima, chukua konzi moja, iloweshe kidogo, ikamue. Ikibaki kidonge ukifungua mkono, na kiganja hakijalowa wala kupakwa matope, ni nzuri, na huo ndio unyevu wa kuishindilia. Kidonge kikivunjika ongeza maji. Kikinata kama ugali, ama maji yamezidi ama ni udongo mfinyanzi, nao utakuwa utelezi mtupu.

Hesabu ni hii. Barabara ya upana wa mita 5, kwa kila mita 100 za urefu, moramu ya sentimita 15 iliyokwisha kushindiliwa ni mita za ujazo 75. Lakini lori linaleta moramu iliyotifuka, kwa hiyo zidisha kwa 1.3, unapata karibu 98. Kwa lori la kubiki 10, yaani mita za ujazo 10, ni malori 10. Msiagize matano mkatandaza nyembamba. Bora kufanya mita 50 vizuri kuliko mita 100 za kuondoka na mvua. Na pimeni bodi la lori kwa futikamba kabla halijamwaga, maana "kubiki 10" ya mdomoni huwa 8.

Umbo ndilo linaloharibiwa mara nyingi. Katikati ya barabara panatakiwa pawe juu kuliko pembeni kwa asilimia 5 hivi: kwa upana wa mita 5, kati panyanyuke sentimita 12 na nusu. Fungeni kamba kutoka katikati kwenda ukingoni na kuipima kwa pima maji, msikisie kwa macho. Greda likiacha barabara bapa, au mbaya zaidi likiiacha imebonyea katikati kama mtumbwi, barabara yenyewe inakuwa mfereji. Mifereji ya pembeni ichimbwe kabla moramu haijaja, na kila inapowezekana maji yatolewe kwenda pembeni, mkikubaliana na mwenye eneo, kabla hayajapata nguvu.

Sasa, kwa kuwa ni kilimani, kuna sehemu ambayo moramu haitakaa hata mfanyeje. Mteremko ukizidi mita 8 hadi 10 kwa kila mita 100, maji yanakimbia kwa urefu wa barabara badala ya kwenda pembeni. Hapo wekeni fedha zenu kwenye zege, lakini si lazima barabara nzima. Mistari miwili ya kupitia matairi inatosha, kila mmoja upana wa sentimita 90 na unene wa sentimita 15, nafasi ya katikati sentimita 60. Kwa mita 50 ni zege la kubiki 13 na nusu. Kwa uwiano wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, hesabuni mifuko 6 na nusu kwa kubiki, yaani mifuko 88. Kateni viungo kila baada ya mita 4 ili zege lipasuke pale mnapotaka ninyi. Mwagilieni siku 7 bila kuruka, magari madogo yapite baada ya wiki mbili, malori yasubiri siku 28.

Jambo ambalo kamati nyingi husahau ni bajaji. Ina tairi moja mbele, na tairi hilo linapita katikati kabisa, kwenye ile nafasi ya sentimita 60. Mkiacha udongo mtupu hapo, ndani ya mwezi patakuwa na mtaro na bajaji itapinduka. Jazeni mawe yaliyopangwa yakasimama wima, mapengo yajazwe mchanga na saruji, usawa mmoja na zege.

Kabla ya yote, barua kwa meneja wa TARURA wa wilaya kupitia serikali ya mtaa. Si urasimu tu: huenda mtaa wenu umo kwenye mpango wa mwaka, mkamwaga fedha yenu pale ambapo greda linakuja kufumua.

Daladala zetu zimeandikwa mjini hadi Chanika. Ikifika jioni zinageuzia Gongo la Mboto, tunashushwa na kulipa nauli upya. Kwani hiyo ni halali? (Abiria wa kila siku, Chanika)

Si halali. Leseni ya LATRA inalifunga gari kwenye njia iliyoandikwa ubavuni, mwanzo hadi mwisho, na ule ukanda wa rangi upo ili askari na abiria walitambue kwa mbali. Kukatisha ruti ni kosa la mwenye leseni.

Lakini ujue kwa nini wanafanya, ili ujue pa kuwabana. Dereva na konda wengi hawana mshahara. Wanampelekea tajiri, yaani mwenye gari, hesabu ya siku, kiasi kisichobadilika, mafuta juu yao, na kinachobaki ndicho chao. Jioni abiria wengi wanaishia Gongo la Mboto. Kuanzia hapo kwenda Chanika gari linakwenda nusu na linarudi tupu, wakati mjini watu wamejaa kituoni. Kila safari inayokatishwa ni safari nyingine ya kulipiwa. Akiwa deiwaka, yaani ameshikishwa gari kwa siku hiyo tu, hana hata sababu ya kuilinda leseni. Ndiyo maana kumfokea konda hakusaidii kitu, ilhali lalamiko lililotajwa namba ya gari linamfikia tajiri, ambaye leseni ni mali yake.

Cha kuandika: namba ya usajili wa gari, njia iliyoandikwa, tarehe na saa, mahali mliposhushwa, nauli mliyolipa na mliyodaiwa kuongeza, na mashahidi wawili wenye namba za simu. Chukueni tiketi, kama konda hatoi, hilo nalo ni la kuandika. Namba ya LATRA ya kupiga bure hubandikwa ndani ya magari, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, kazi yake ni kuwasemea abiria. Lalamiko moja la abiria mmoja hupotea. Malalamiko kumi ya wiki moja kuhusu gari lilelile hayapotei kirahisi.

Mkiwa njiani, ulizeni kabla ya kupanda "inafika mwisho?" kwa sauti ya watu wote kusikia. Akikubali mbele ya gari zima, kushusha kunakuwa kugumu. Gari likiharibika ni jambo jingine: hapo konda anatakiwa awafaulishe kwenye gari jingine kwa nauli mliyokwisha kulipa, au awarudishie.

Mwanangu anasoma sekondari. Asubuhi makonda wanamsukuma mlangoni, wanasema "mwanafunzi mmoja tu". Anachelewa kila siku. (Mama, Mbagala)

Pole, mama. Hesabu ya konda ni rahisi kuiona. Desemba 2023 nauli ya mtu mzima kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa kutoka shilingi 500 kuwa 600, mwanafunzi akabaki 200. Siti moja, theluthi ya fedha. Hilo halimpi haki ya kumzuia mtoto aliyevaa sare au mwenye kitambulisho, lakini ndilo linalomfanya awe mkali saa kumi na mbili asubuhi.

Kinachosaidia kimefanyika kwenye shule kadhaa: uongozi wa shule unaandika barua kwa LATRA na kwa askari wa usalama barabarani wa eneo, ukitaja kituo na muda kamili, tuseme saa 11:45 hadi 12:30. Askari mmoja akisimama kituoni wiki mbili, tabia inabadilika. Na watoto wenyewe wasisubiri wote ishirini sehemu moja. Konda akiona kundi la sare hasimami kabisa. Wajipange watatu watatu, wengine wapandie kituo cha nyuma. Ni shauri la kinyonge, tunakiri, lakini mtoto anawahi.

Kwa nini basi la mwendokasi nalisubiri dakika 20, halafu yanakuja matatu kwa mpigo? (Kijana wa Kimara)

Mara nyingi basi halijakosekana, nafasi kati ya basi na basi ndiyo iliyovurugika. Chukua mfano. Mabasi yanatakiwa kupishana dakika 6, na kila dakika watu 10 wanafika kituoni. Basi lililo kwenye ratiba linakuta watu 60. Sasa basi la kwanza limeshikwa kwenye makutano dakika 2, askari ameziacha gari za upande wa pili zipite. Likifika kituoni linakuta watu 80. Kila mtu akitumia sekunde 2 mlangoni, hao 20 wa ziada wamelichelewesha sekunde 40 nyingine. Basi la nyuma yake sasa liko dakika 4 tu, linakuta watu 40, linaokoa sekunde 40. Katika kituo kimoja umbali kati yao umepungua sekunde 80. Kituo cha pili ni zaidi, na kufikia cha tatu yameshagusana: la mbele limefurika, la nyuma lina siti. Hakuna dereva aliyekosea.

Dawa ni kulizuia la nyuma kidogo kituoni, au la mbele liruke kituo likishajaa, na makutano yalipe njia ya mabasi kipaumbele. Hayo yanahitaji mtu kwenye chumba cha uendeshaji anayeyaona mabasi yote. Mkandamizo unakuwa mkubwa zaidi mabasi yakiwa machache kuliko abiria. Ongeza Jangwani: njia ya mwendokasi ya awamu ya kwanza, ya kilomita 20.9, iliyoanza kutumika Mei 2016, inapita hapo, kwenye bonde la Mto Msimbazi, na mto ukifurika njia inakatika vipande viwili. Wewe wa Kimara, ukiona yamekuja matatu, acha la kwanza. Panda la pili au la tatu. Litafika karibu wakati uleule na utakaa.

Malori ya mchanga yanamaliza barabara yetu mpya. Dereva anasema gari dogo na lori ni sawa tu, "barabara ni ya wote". (Mkazi, Kinyerezi)

Si sawa hata kwa mbali. Madhara ya ekseli, yaani mhimili unaobeba matairi ya kushoto na kulia, kwa barabara hayaongezeki sambamba na uzito. Wahandisi hukadiria kuwa yanapanda kwa uzito uliojizidisha wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 10 ukiilinganisha na ya gari dogo ya nusu tani ni uzito mara 20, lakini madhara ni 20 mara 20 mara 20 mara 20: 160,000. Na ekseli iliyozidishiwa kutoka tani 10 hadi 13 inaumiza karibu mara 2.9.

Mchanga ndio unaodanganya zaidi. Kubiki moja ya mchanga mkavu ni kama tani 1.6, ukiwa umelowa inafika 1.9. Lori la magurudumu 10 lenye bodi la kubiki 12 linabeba karibu tani 23 za mchanga uliolowa, na lenyewe tupu ni tani 12 hivi. Jumla 35. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 mbele na 18 kwa ekseli mbili za nyuma, yaani 26. Hiyo ni kwa barabara kuu. Barabara nyingi za wilaya zina bango la mwisho tani 10. Angalieni kama yenu ina bango. Kama haina, ombeni TARURA iweke, na ikiwezekana geti la chuma la kuzuia magari yenye kimo kikubwa, lenye kufuli ambayo ufunguo wake uko serikali ya mtaa kwa ajili ya zimamoto. Magogo na mawe msiweke. Usiku bodaboda atayaingia, na kesi itakuwa yenu.

Tunataka kujijengea matuta, watoto wanagongwa. (Wazazi, Tabata)

Ombeni, msijijengee. Tuta la mtaani la kuzungusha saruji, upana sentimita 40 na kimo sentimita 20, linagonga chini ya gari hata likienda kwa mwendo wa mguu, na bodaboda analikwepa pembeni, palepale watoto wanapopita. Tuta lililopimwa lina mgongo mpana: kimo sentimita 10, upana mita 3.7, hivyo gari zima linapanda na kushuka, linampunguzia dereva mwendo bila kuvunja springi. Lipakwe rangi, liwe na alama kabla ya kulifikia, na pembeni paachwe njia ya maji. Tuta lisilo na njia hiyo linakusanya dimbwi upande wa juu, na miezi sita baadaye mnaandika barua ya shimo.

Nyumba yetu imewekwa X. Wengine wana nyekundu, wengine kijani. (Mzee, pembezoni mwa barabara kuu)

Shikamoo mzee. Kwa desturi ya bomoabomoa za barabara, X nyekundu ni jengo linalohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili yake, bila haki ya fidia. Kijani ni la kulipwa. Chanzo chake ni mabadiliko ya vipimo. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande, sheria ya 2007 ikaipanua hadi 30. Aliyekuwa kihalali kwenye zile mita 7.5 za nyongeza ndiye anayedai. Pima mwenyewe, ukianzia katikati ya barabara, siyo ukingo wa lami. Hapo ndipo wengi hukosea. Zipo sehemu zenye madai ya hifadhi pana zaidi, kama Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara, ambako nyumba zilivunjwa mwaka 2017, kwa hiyo omba ramani ya kipande chako. Tafuta hati, risiti za kodi ya jengo, na chochote chenye tarehe ya ujenzi, kabla siku za notisi hazijaisha.

Majirani wamejaza mfereji ili kuingiza magari. Maji yote yanakuja kwangu. (Msomaji, Tegeta)

Kuhitaji kivuko cha kuingilia nyumbani kunaeleweka, kuziba mfereji si haki yao. Kosa la kawaida ni kuweka bomba la inchi 12 na kufukia. Msimu mmoja chupa na mifuko ya plastiki inalijaza, na hakuna mkono wala koleo linaloingia kulizibua. Ama liwe kalvati la sentimita 60 kwenda juu, ama, bora zaidi, vibao vya zege juu ya mfereji wazi: urefu mita 1.2, upana sentimita 40, unene sentimita 10, nondo za milimita 12 upande wa chini. Kibao kimoja ni kilo 115 hivi, watu wanne wanakiinua, mnasafisha, mnakirudisha. Peleka shauri hilo kwanza kwa mjumbe wa shina na mwenyekiti wa mtaa, ukiwa na gharama mkononi. Likishindikana, mwenye barabara ana mamlaka ya kuvivunja vivuko vilivyoziba maji.